Kuosha si kinga: miaka 100 na zaidi ya kuchanganya usafi na usalama

Tuanze na majina, kwa sababu majina ndiyo yametuchanganya. Kiswahili kinasema "magonjwa ya zinaa". Zinaa ni dhambi. Kwa hivyo ukishikwa na kisonono, kabla hata daktari hajakuangalia, lugha imeshakuhukumu. Mama aliyetulia kwake Webuye akaletewa kaswende na bwanake, naye pia anaitwa mgonjwa wa zinaa. Halafu kuna tohara. Hilo neno limetoka Kiarabu na kiini chake ni utakaso. Ukiweka hayo maneno mawili pamoja unapata imani nzima: ugonjwa ni uchafu, kwa hivyo kinga ni kuwa msafi.

Mimi naona hiyo imani imeumiza watu wengi kuliko ujinga wa kawaida. Mtu asiyejua anaweza kuuliza. Mtu anayejiona msafi haulizi kitu.

Wabukusu wenyewe hawakulitaja hilo jambo kwa lugha ya usafi. Ni sikhebo, na anayekata ni omukhebi, mtu wa kisu. Na kama umewahi kusimama uani alfajiri ya Agosti huko Bungoma, unajua mvulana harudi kutoka mtoni akiwa ameoshwa. Anarudi amepakwa matope kutoka kichwani hadi miguuni, anatetemeka, na hafai kuonyesha kwamba anatetemeka. Mimi nilisimama hivyo 2014. Khocha alikuwa amenivalisha luliki, ile nyama ya shingoni, jana yake. Hakuna mzee aliyeniambia nimekuwa msafi. Waliniambia nimekuwa mwanaume, basi. Hiyo stori ya usafi niliisikia baadaye Kitale mjini, kutoka kwa vijana wenzangu, na ilikuja na kiambatisho chake: ati sisi tuliopashwa hatushikwi na kitu.

Sikumaliza chuo, kwa hivyo usinisome kama daktari. Nisome kama mtu ambaye alitaka kujua hiyo kauli ilitoka wapi, akachimba.

Rudi nyuma mpaka 1902. Kabla ya mwaka huo, huku kwetu hakukuwa hata Kenya. Bungoma yote na maeneo jirani yalihesabiwa upande wa Uganda, kwenye Mkoa wa Mashariki, mpaka Waingereza walipohamisha mpaka. Kwa hivyo yaliyotokea Buganda miaka ile si habari ya ng'ambo, ni ya jirani wa ukuta mmoja. Na kilichotokea ni hiki. Mwaka 1907 daktari wa jeshi la Uingereza, Kanali Lambkin, alitumwa Uganda kuchunguza kaswende. Alirudi na ripoti ya kutisha: zaidi ya nusu ya Waganda wameambukizwa. Na sababu? Alisema sheria kali za zamani zimelegea na wanawake wamepewa uhuru mwingi.

Shida ni kwamba baadaye madaktari wengine walianza kutilia shaka. Buba, ugonjwa wa ngozi ambao watoto wanaambukizana wakicheza, unasababishwa na kijidudu ambacho ni ndugu wa karibu kabisa wa kile cha kaswende. Vidonda vyake vinafanana kwa macho. Kwa hivyo sehemu kubwa ya wale waliohesabiwa kama wazinzi huenda walikuwa watu wenye buba tu, waliougua wakiwa wadogo. Lakini ripoti ilikuwa imeshafanya kazi yake. Hospitali ya Mulago, ile kubwa ya Kampala, ilianza 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa haya, kazi iliyosukumwa na Daktari Albert Cook. Hospitali ni kitu kizuri, sibishi. Ila ona ilivyoanza: taifa zima limeitwa chafu, kisha likaletewa zebaki.

Eeh, zebaki. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa, ya kupaka na ya kudungwa, na ilitoa watu meno. Huko Paris, 1906, mwanasayansi Metchnikoff na mwenzake Roux walionyesha kwamba ukipaka mafuta yenye zebaki haraka mahali ulipojiwekea kijidudu cha kaswende, unaweza kuzuia. Walijaribu kwa nyani, kisha kwa mwanafunzi mmoja wa udaktari aliyejitolea. Majeshi ya Ulaya na Marekani yakashika hiyo kama sala. Vita vya kwanza vilipokuja, askari akitoka mjini anapelekwa kituoni, anaoshwa, anapakwa. Askari wa Marekani aliyekwepa kisha akaugua alikatwa mshahara.

Kwa haki, ile kitu ilisaidia kiasi ikifanywa mapema. Lakini nadhani hapo ndipo wanaume duniani walipojifunza wazo ambalo halijawatoka hadi leo: fanya, kisha osha. Kinga ikawa kitu cha baadaye. Na wanawake waliokuwa na wale askari? Hawakuwa kwenye hesabu kama watu wa kulindwa. Walikuwa kwenye hesabu kama uchafu wenyewe.

Penisilini ilimaliza enzi ya zebaki. Mwaka 1943 daktari Mmarekani, John Mahoney, alitibu wagonjwa 4 wa kaswende kwa penisilini na ikaonekana inafanya kazi. Mpaka leo kaswende inatibika kwa sindano hiyo, na mara nyingi sindano moja inatosha ukiiwahi. Hilo nalipitia haraka kwa sababu halina utata. Tatizo letu halijawahi kuwa dawa ya kaswende. Tatizo ni kufika mahali dawa ilipo.

Sasa Kitale. Reli ilifika hapa 1926, kwa ajili ya mahindi na mazao mengine ya walowezi. Mashamba ya wazungu ya Trans Nzoia yalitaka vibarua, na vibarua wengi walikuwa wanaume kutoka upande wa Bungoma walioacha wake nyumbani. Mshahara mwisho wa mwezi, kambi ya wanaume, mji mpya wenye pombe. Huhitaji ripoti ya kanali kujua kinachofuata. Leo ramani ni ileile: malori ya Malaba upande mmoja, malori ya Lodwar na Juba upande mwingine, na sisi katikati tunauza chapati na vyumba vya kulala. Magonjwa haya hufuata barabara. Hayafuati kabila, na hayafuati nani ameoga.

Ukimwi ulipothibitishwa Kenya 1984, watu wa sayansi Nairobi walikuwa tayari wanahangaika na kitu kingine: pangusa, ugonjwa wa vidonda vya sehemu za siri vyenye uchungu mkali. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Canada, walikuwa wamekuja kuuchunguza pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Walipopima damu za wanawake wanaouza ngono pale Majengo, Pumwani, mwaka 1985, karibu theluthi mbili walikuwa na virusi. Theluthi mbili, na nchi ilikuwa inaambiwa huu ni ugonjwa wa wageni.

Aliyenivutia kwenye hiyo historia si daktari wa kizungu. Ni Elizabeth Ngugi, muuguzi, baadaye profesa. Yeye aliketi na wale wanawake kwenye mabaraza, akawaita kwa heshima, wakachagua viongozi wao wenyewe, wakafundishana kutumia kondomu na kuwakatalia wateja wasiotaka. Matumizi ya kondomu yakapanda sana ndani ya miaka michache tu. Hakuwaambia waache uchafu. Aliwaambia wana maisha ya kulinda. Tofauti ya hizo sentensi mbili ndiyo tofauti ya hii makala yote.

Hapo Nairobi pia ndipo swali la govi lilipoanza kuulizwa vizuri. Kwenye kliniki ya Casino, ile ya River Road ambayo kila mzee wa Nairobi anaijua na hakuna anayekubali aliwahi kuingia, watafiti waliwafuata wanaume waliokuwa wametibiwa magonjwa haya. Mwaka 1989 wakachapisha: wenye vidonda, na wale ambao hawajatahiriwa, waliambukizwa virusi vya ukimwi zaidi. Na sababu si uchafu wa govi. Ngozi ya ndani ya govi ni laini na ina seli nyingi ambazo virusi vinazipenda kuingilia. Hiyo ni anatomia. Mwanaume anaweza kuoga mara 3 kwa siku na bado zile seli ziko pale.

Mwaka 2003 serikali ilipima virusi kwenye utafiti wa kitaifa wa afya kwa mara ya kwanza. Nyanza ilipata karibu asilimia 15, Magharibi karibu 5. Watu wakasema si unaona, tohara. Mimi nasema soma tena. Magharibi karibu wanaume wote walikuwa wamepashwa, na bado watu 5 kati ya kila 100 walikuwa na virusi. Hao walishikwa vipi, kama tohara ni ngao?

Jibu lilikuja kutoka Kisumu. Vijana 2,784, wa miaka 18 hadi 24, waligawanywa kwa kura: nusu watahiriwe mara moja, nusu wasubiri. Utafiti ulisimamishwa mapema Desemba 2006 kwa sababu tofauti ilikuwa wazi. Ndani ya miaka 2, kati ya kila 100 waliotahiriwa, karibu 2 waliambukizwa. Kati ya kila 100 waliosubiri, karibu 4. Rakai, Uganda, walipata matokeo yanayokaribiana, na Afrika Kusini pia. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani likapendekeza tohara kama njia moja ya kupunguza ukimwi, likitaja upungufu wa karibu asilimia 60.

Asilimia 60 si asilimia 100. Hapo ndipo stori yetu ya kijiweni ilipolala. Na kuna mambo hayakufika kijiweni kabisa. Kwa wale vijana wa Kisumu, tohara haikuzuia kisonono wala klamidia. Kule Rakai, haikuwalinda moja kwa moja wanawake ambao waume zao walikuwa na virusi tayari. Na waliorudi kitandani kabla kidonda hakijapona, hali ilielekea kuwa mbaya zaidi. Kijana wa Bungoma akisema "mimi ni msafi, sihitaji mpira", anampa msichana wa watu hatari na kuiita usalama.

Kuna utafiti mwingine ambao kila Mbukusu angepaswa kuujua, kwa sababu ulifanyika hapa nyumbani, kwenye msimu wa 2004. Robert Bailey, yuleyule wa Kisumu, pamoja na Omar Egesah wa Chuo Kikuu cha Moi na mwenzao, waliwafuata wavulana na vijana zaidi ya 1,000 Bungoma waliotahiriwa, wengine kwa omukhebi, wengine hospitalini na kwenye kliniki. Waliokatwa kimila, asilimia 35 walipata madhara: kutokwa damu sana, vidonda kuoza, mengine ya kudumu. Hapo wasomi wa mjini wanashangilia. Ngoja. Waliokatwa kwenye kliniki, asilimia 18 walipata madhara pia. Karibu mmoja kati ya 5, ndani ya chumba chenye koti jeupe. Wakati huohuo kule Kisumu kwenye jaribio, ambapo wahudumu walifunzwa na vifaa vilikuwepo, madhara yalikuwa chini ya 2 kwa kila 100.

Kwa hivyo hata kwenye kisu, swali halikuwa mila dhidi ya usasa. Swali lilikuwa nani amefunzwa, ana vifaa gani, na kisu kimoja kinapita kwa wavulana wangapi. Hilo la mwisho wazee walilielewa mapema kuliko tunavyowapa sifa. Siku yangu, khocha alisimama kando ya omukhebi akihesabu visu kama mtu anayehesabu ng'ombe sokoni, na aliyetaka kurudia kisu angekutana naye.

Na kanisa? Lazima tulitaje, kwa sababu mtu mkubwa kwenye sura hiyo ni wa kwetu. Kardinali Maurice Otunga alizaliwa Chebukwa, Bungoma, mtoto wa Chifu Sudi Namachanja. Akawa kardinali wa kwanza wa Kenya. Agosti 1996 aliongoza waumini Uhuru Park, Nairobi, kuchoma kondomu na vitabu vya mafunzo ya ngono. Kukhu yangu anamheshimu kama mtakatifu na mimi simkosei adabu. Aliishi maisha rahisi ambayo viongozi wa leo hawawezi wiki moja. Lakini moto ule ulikuwa kosa, na ulikuja wakati mbaya kuliko wote. Rais Moi alitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, miaka 15 baada ya mgonjwa wa kwanza. Na hata 2001, serikali ikipanga kuagiza kondomu milioni 300, yeye mwenyewe alisema anaona haya, akawaomba Wakenya wajizuie miaka 2. Haya. Nchi inazika watu, na neno linalotawala ni haya.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Ni sabuni.

Ukiingia sokoni Kitale au ukifungua simu yako usiku, utaona zinauzwa: sabuni za yoni, mafuta, vidonge vya kuingiza, mvuke wa majani. Wauzaji wengi ni wasichana wa umri wangu wanaotafuta riziki, sina ugomvi nao. Nina ugomvi na ahadi, kwamba hiyo kitu "inasafisha maambukizi". Uke unajisafisha wenyewe. Ndani mna bakteria wazuri, laktobasili, wanaotengeneza asidi inayozuia vijidudu vibaya. Ukiingiza sabuni unawaua walinzi wako.

Hili si la kukisia. Mombasa, kuanzia 1993, kliniki ya Ganjoni ilifuatilia wanawake wanaouza ngono, na mwaka 2006 watafiti wakatoa hesabu ya miaka 10, wanawake 1,270. Walioosha ndani kwa maji tu waliambukizwa virusi vya ukimwi zaidi ya mara 2 kuliko wasioosha ndani. Walioosha kwa sabuni, karibu mara 4. Kuosha nje kwa maji, sawa, oga. Ndani, achana nako.

Wanaume msicheke. Rakai, 2007, waliangalia wanaume ambao hawajatahiriwa na jinsi wanavyojiosha baada ya tendo. Walioharakisha kunawa ndani ya dakika 3 waliambukizwa zaidi kuliko waliosubiri dakika 10 na zaidi. Lile somo la askari wa zebaki, la kufanya kisha kuosha, limerudi limepinduka.

Na kabla ya hapo kulikuwa na nonoksinoli-9, kitu cha jamii ya sabuni kilichowekwa kwenye dawa za kuua mbegu za kiume. Kwenye maabara kiliua virusi vizuri kabisa. Nairobi wakakijaribu kwa sponji, wakachapisha 1992: wanawake hawakulindwa, na vidonda viliongezeka. Jaribio jingine kubwa likatoa matokeo Durban mwaka 2000: waliotumia sana waliambukizwa zaidi. Sabuni inaua virusi mezani. Ndani ya mtu inachubua ngozi na kufungua mlango.

Nina rafiki, sitasema ni nani wala wa wapi. Mpira ulipasuka. Alikuwa na aibu ya kwenda kliniki moja kwa sababu muuguzi wa pale aliwahi kumkaripia mbele ya foleni akimuuliza mamake anajua anachofanya. Kwa hivyo alikaa bafuni akajiosha na ile dawa ya kuua viini inayogeuka nyeupe ukiitia majini. Iliwasha, akadhani inafanya kazi. Akalala akiwa na amani. Alipoambiwa kuna vidonge vya PEP, vya siku 28, vinavyopatikana bure hospitali za umma na vinavyotakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, ilikuwa siku ya tano.

Matokeo yake ni yake, hayataingia hapa. Ninachojua ni kwamba saa 72 zinatosha kutoka Kapenguria mpaka Nairobi na kurudi mara kadhaa. Hazikumtosha kuvuka mlango mmoja.

Mwanaume wa Kitale akisikia mkojo unachoma, anaingia kemisti, ananunua vidonge viwili vitatu bila kupimwa, dalili zinapotea, anaendelea. Mwanamke mwenye klamidia au kisonono mara nyingi hana dalili yoyote, anakuja kujua akitafuta mtoto miaka 5 baadaye. Wote wawili wanaoga kila siku. Kupima kaswende na virusi ni tone la damu. Kondomu hospitalini ni bure. PrEP, vidonge vya kumeza kabla, Kenya ilianza kuvitoa kitaifa 2017. Chanjo ya HPV, inayozuia saratani ya mlango wa kizazi, wasichana wa miaka 10 walianza kupewa 2019. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachouliza kama wewe ni msafi.

Mwaka wa shufwa ukifika, Agosti, barabara za Bungoma zitajaa chinyimba tena, na wavulana watakaa ndani wiki kadhaa wakingoja kukhwalukha, siku ya kutoka. Wazee watawafundisha kuheshimu milango ya watu, kutunza mji, kutoogopa. Kuna nafasi ya kutosha hapo katikati kwa mtu mmoja, muuguzi au kaka mkubwa, kukaa nao jioni na kusema ile hesabu ya Kisumu polepole: 2 badala ya 4. Sio sufuri.